Stenlesi kwenye miguu ya gari: tunauliza inang'aa vipi, hatuulizi inabeba nini

Kama ushawahi kumiliki Surf au Prado ya zamani hapa Dar na ukaipeleka alaimenti, yaani kupanga tairi zikae sawa, hii stori unaijua. Gari inapanda kwenye mashine, jamaa anaingia chini na spana, anavuta, anavuta tena, anatoka anakuambia bosi kem bolti zimeganda, yaani zile bolti ambazo ukizizungusha amu inasogea na tairi linakaa sawa. Nati inafunguka vizuri tu, ila bolti yenyewe haizunguki. Inapita ndani ya bushi ya amu ya chini, ule mkono unaoshika tairi, na katikati ya bushi kuna kibomba cha chuma, sasa maji ya chumvi yakishakaa kati ya bolti na kibomba miaka kadhaa vile vitu viwili vinakuwa kitu kimoja. Bolti isipozunguka alaimenti hairekebishiki, tairi linaliwa upande wa ndani, na dawa inayobaki ni grainda, unakata bolti huku na huku, unatoa amu nzima, unaweka bushi mpya na bolti mpya. Kazi ya siku nzima na hela si kidogo.

Mimi yalinikuta kwenye Surf yangu ya 1997. Naishi Kigamboni, upepo wa bahari upo muda wote, wikendi gari inakanyaga mchanga wa ufukweni, na msimu wa mvua nishapita maji ya Jangwani zaidi ya mara moja kabla hawajafunga njia. Chini kulikuwa kumeoza. Alafu tukumbuke gari zetu hizi nyingi zimetoka Japani, na zile zilizotembea kaskazini kule kwenye theluji wanakomwaga chumvi barabarani zinashuka bandarini na kutu tayari, hata kama rangi ya juu inang'aa kama ya shoo rumu.

Kwahiyo nilipoona watu wanaopenda magari wameanza kuchongesha vitu vya miguu kwa stenlesi nilifurahi kweli. Siku hizi ukienda Gerezani unakuta fundi kerezo anakutengenezea spesa za kunyanyulia gari, linki za stebilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), vibomba vya bushi, sahani za sheko za Land Cruiser (zinazoshika ncha za springi), hadi bolti, vyote vimepigwa polishi unajiona uso. Ni kazi nzuri na naipenda, maana inaonyesha mafundi wetu wana mikono na wapenzi wa magari wapo tayari kulipia kitu kilichotengenezwa hapa badala ya kusubiri kontena. Lakini kuna jambo tunalikosea, wateja na mafundi wote, nalo ni kuamini kwamba stenlesi kwa kuwa haishiki kutu basi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Hapana. Hizo ni sifa mbili tofauti kabisa, na kwenye miguu ya gari ukizichanganya unaweza kuumiza mtu.

Stenlesi ni chuma kilichotiwa kromiamu, kuanzia asilimia 10.5 kwenda juu. Ile kromiamu ikikutana na hewa inatengeneza ngozi nyembamba sana juu ya chuma, ukiikwaruza inajirudishia yenyewe, na hiyo ngozi ndo inazuia kutu. Harry Brearley wa Sheffield mwaka 1913 alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka, ila walioipokea kwa nguvu ni watengeneza visu na vijiko, na hadi leo stenlesi nyingi tunayoishika mkononi ni ya jikoni. Ile ya 304, yaani masufuria, sinki, matangi, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Haitoi kutu kirahisi, inapindika vizuri, inachomelewa vizuri. Ila ni laini. Ikiwa haijafanywa ngumu kwa njia yoyote, kiwango chake cha chini kabla haijaanza kuvutika moja kwa moja ni kama kilo 21 kwa kila milimita moja ya mraba. Bolti nyeusi au ya njano iliyoandikwa 10.9 kichwani inavuka kilo 90 kwa hiyo hiyo milimita moja. Hata bolti za stenlesi za dukani zilizoandikwa A2-70, ambazo zimefanywa ngumu kiwandani, zinaishia kilo 46 hivi, hazifikii hata bolti ya 8.8 ambayo ipo kwenye 65. Yaani unatoa bolti ya kiwandani, unaweka ya kuchonga inayong'aa, umekata nguvu nusu au zaidi na kwa macho huoni chochote.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Nilimpelekea fundi mmoja kem bolti nne za zamani kama sampuli, akachonga nne za stenlesi, nzuri hadi nikawapigia picha washkaji. Sikumuuliza stenlesi ipi na yeye hakuniuliza inakaa wapi. Tukafunga, tukapiga alaimenti, gari ikanyooka. Wiki ya tatu usukani ukaanza kuvuta kushoto. Nikarudi alaimenti wakarekebisha, siku kumi baadae tena kushoto. Siku tuliyofungua upande wa kushoto fundi alizungusha nati kwa mkono raundi mbili ikakwama, akalazimisha na spana ikalia kwa ule mlio mkali wa vyuma kung'atana, na bolti ikakatika hapohapo mikononi mwake gari ikiwa juu ya jeki. Niliangalia kile kipande nikakaa kimya. Shina lilikuwa limerefuka na kupungua unene karibu na nyuzi, unaona kabisa kwa macho kiuno kimeingia ndani kidogo. Jana yake nilikuwa nimetoka Bagamoyo na watoto nyuma.

Watu wengi wanadhani bolti ya miguu inafanya kazi kama msumari, inazuia tu amu isitoke. Kazi yake kubwa ni kubana. Unapoikaza inavutika kidogo sana kama springi, na ule mvutano ndo unabana kibomba cha bushi kwenye masikio ya chasisi kwa nguvu ya tani kadhaa, kiasi kwamba amu haichezi hata ukikanyaga tuta. Kem inakaa pale ulipoipanga kwa sababu imebanwa. Sasa bolti laini ukiikaza kwa kipimo cha kiwandani inavutika ikapitiliza, hairudi, mbano unapungua, na kila shimo la barabara linaisogeza kem kidogo, ndo maana gari yangu ilikuwa inarudi kushoto kila baada ya siku chache.

Kuna tatizo la pili lilinikuta bila kujua. Nyuzi za stenlesi juu ya stenlesi zina tabia ya kung'atana. Ile ngozi inakwanguka wakati wa kukaza, chuma kinagusa chuma kikiwa uchi, vinaanza kushikana kama vimechomelewa. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, inakuambia umefika, kumbe nguvu nyingi imeishia kwenye msuguano wa nyuzi na mbano wenyewe ni mdogo kuliko unavyodhani. Kipimo kinasoma sawa na kazi haipo sawa. Tena nyuzi zilizokatwa kwa kisu cha kerezo zina kona kali chini yake, ufa unapenda kuanzia hapo, wakati bolti za kiwandani nyuzi zake mara nyingi zinaviringwa kwa kugandamizwa, chuma hakikatwi bali kinasukumwa, na zinavumilia mtikisiko zaidi. Fundi kerezo awe mzuri vipi, hiyo tofauti haiondoi kwa mikono.

Kuna mfano mmoja wa nje ambao kwangu umefunga mjadala. DeLorean DMC-12, ile gari iliyotengenezwa Dunmurry nje kidogo ya Belfast, Ireland ya Kaskazini, 1981 hadi 1982. Bodi yake ni stenlesi 304, haina rangi kabisa. Ila fremu ya chini, ambayo ilifanyiwa kazi na kampuni ya magari ya Lotus, ni chuma cha kawaida kilichopakwa epoksi. Miaka 40 na zaidi imepita, bodi bado linasuguliwa linang'aa, na wenye gari wanahangaika na kutu ya fremu pale epoksi ilipobanduka. Na kitu ambacho wapenzi wa hiyo gari wanakumbushana sana ni bolti zinazoshika zile amu ndefu za nyuma, kwamba zikaguliwe kama zimepinda au zimekula kutu, na zikibadilishwa ziwekwe za chuma kigumu zaidi. Watu ambao bodi nzima ya gari yao ni stenlesi, wakifika kwenye bolti ya kushika tairi wanauliza ugumu kwanza. Sisi tunaanza na polishi.

Sisemi stenlesi isiingie chini ya gari. Iingie, ila iwekwe panapoifaa, na kwa mtazamo wangu panapoifaa ni pale kitu kinapogandamizwa au kinapobeba mzigo mdogo huku maji yanakifikia. Kibomba cha ndani ya bushi ndo namba moja, hasa kwa hizi bushi za poli, ile plastiki ngumu inayowekwa badala ya mpira. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye kibomba chake, mpira wenyewe ndo unajipinda, ila bushi ya poli inazunguka juu ya kibomba kila amu ikipanda na kushuka. Kibomba kikishika kutu kinageuka msasa, kinakula poli kutoka ndani na gari inaanza kulia kama mlango wa kizamani. Stenlesi laini iliyosuguliwa vizuri na grisi ya silikoni pale inakaa miaka. Spesa ya kunyanyua gari inayokaa juu ya shokapu nayo inagandamizwa tu, haina shida, ila bolti zinazopita humo ziwe ngumu. Fimbo ya linki ya stebilaiza sawa, mzigo wake wa wastani na hata ikikatika gari italala zaidi kwenye kona lakini tairi halikimbii. Sahani za sheko zinawezekana ukiongeza unene, kwa sababu 304 haipo mbali sana na chuma cha kawaida cha sahani, kama ya zamani ilikuwa milimita 8 weka 10. Ila pini ya sheko, bolti za amu, boljointi, tairodi, springi, hapo polishi haina nafasi kabisa, na mteja akisisitiza fundi amkatalie.

Mtu atasema ipo stenlesi ngumu. Ipo kweli, 17-4, ina shaba kidogo ndani na inafanywa ngumu kwa kuokwa. Ukiioka digrii 552 kwa saa 4 inafika kama kilo 100 kwa milimita ya mraba, inaipita hiyo 10.9. Kuna aina nyingine ya kuioka kwa digrii 482 inayokuwa ngumu zaidi, ila hiyo kwenye chumvi inaweza kupasuka ikiwa imevutwa, kwahiyo kwa sisi wa pwani ile ya kwanza ni bora. Ndo inayotumika kwenye baadhi ya shafti za pampu na za boti. Tatizo ni kwamba shafti ya skrapa haina karatasi, huwezi kujua ni 17-4 au 316, stenlesi nyingine laini, na hata ikiwa 17-4 hujui iliokwa vipi. Bolti inayoshika tairi la mbele siyo mahali pa kubahatisha.

Hapa ndo linakuja suala la sumaku. Kila mtu anaenda sokoni na sumaku mfukoni, ikinasa anasema feki, isiponasa anasema orijino. Sasa angalia: 304 ikiwa imetulia hainasi, ila ukiipinda au kuivuta inaanza kunasa kidogo. 201, ile ya bei rahisi ambayo wamepunguza nikeli wakaweka manganizi, nayo hainasi, na mabomba mengi ya ngazi na mageti ni hiyo hiyo, kwenye upepo wa bahari inatoa madoa mapema sana. Alafu 17-4, ambayo ndo ngumu kuliko zote hizo, inanasa sumaku vizuri kabisa. Yaani kipimo chetu cha mtaani kingeipitisha 201 na kuikataa 17-4! Kuna matone yanauzwa ya kupimia, unaweka tone unagusisha na betri ya volti 9, chuma chenye manganizi nyingi tone linageuka jekundu, hiyo angalau inakutenganishia 201. Lakini kikubwa ni kununua kwa msambazaji anayetoa cheti cha chuma na namba ya kundi, kipande kidogo kinatosha vibomba vya gari nne na washkaji mnaweza kuchanga.

Na kwa miguu ya gari ya pwani ningesema 316, siyo 304. Ina molibdinamu asilimia 2 hadi 3 na hiyo ndo inapambana na chumvi. Kumbuka ile ngozi ya stenlesi inahitaji hewa ili ijirudishie, na chini ya gari pamejaa vipenyo vilivyozibwa na tope lenye chumvi, hewa haipiti, hapo hata stenlesi inatoboka vishimo vidogo vidogo kwa ndani. Watu wakiona hivyo wanasema wamepigwa.

Wakati mwingine hawajapigwa, ni karakana. Jiwe la grainda lililotoka kukata geti la chuma cha kawaida likitumika kwenye stenlesi linapachika chembe za chuma juu yake, baada ya wiki mbili unaona madoa ya rangi ya chai. Stenlesi iwe na mawe yake na brashi yake, na ikishamaliza kuchongwa ioshwe na asidi ya sitriki, ile ile iliyomo kwenye ndimu, inaondoa zile chembe na kusaidia ngozi ijitengeneze. Kuchomelea nako kuna mambo yake. Kati ya digrii 425 na 850 hivi kaboni inajikusanya na kromiamu pembeni ya mshono, kromiamu inapungua pale na kutu inapita hapohapo, ndo maana inatakiwa 304L au 316L yenye kaboni ndogo, na kama unaunganisha stenlesi na chuma cha kawaida unatumia waya au kijiti cha 309L. Nimeona vitu vya miguu vimeunganishwa kwa vijiti vya kawaida vya mageti alafu vikapigwa polishi juu, mshono hauonekani, hiyo inatisha.

Nilivyorudi kwenye gari yangu nilienda kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa kerezo, shikamoo yake imejaa hapo mtaani kwao. Nikamwekea mezani ile bolti iliyokatika. Aliigeuza, akapitisha kidole pale kwenye kiuno, akaniuliza, "Mwanangu, hii ulitaka ikufanyie nini?" Nikasema nataka isigande. Akasema basi shida yako iko kwenye kibomba, siyo kwenye bolti. Nikaleta kipande cha 316 chenye cheti, akaanza kutoboa. Nilikaa pale kama saa zima namwangalia. Drili taratibu kabisa, mkono umekandamiza, mafuta yanamwagika, na chuma kinatoka kwenye mkunjo mmoja mrefu kama ganda la chungwa. Kijana wake akataka kusaidia, akaongeza spidi na kulegeza mkono, sekunde chache tu biti ikaanza kulia, ncha ikawa ya bluu na chuma hakitoki tena. Mzee akamwambia umeshakifanya kigumu hicho, kikisuguliwa bila kukatwa kinakasirika. Ikabidi abadilishe biti aweke ya kobalti apite ile ngozi ngumu. Ndo nikaelewa kwanini kazi ya stenlesi ni ghali, na kwanini fundi anayekufanyia kwa bei ya chuma cha kawaida kuna mahali amekata kona.

Vibomba vikatoka na ukuta wa milimita 5, maana ndo vinavyobeba mbano wote wa bolti, vikiwa vyembamba vinajikunja, na urefu ukazidi bushi kwa nywele tu ili bolti ibane chuma kwa chuma na siyo poli. Bolti nikanunua za kiwandani mpya. Kuna jambo moja hapo lazima niliseme kwa wanaotaka kuiga: stenlesi ikikaa pamoja na bolti yenye zinki ndani ya maji ya chumvi, inayolika ni bolti, tena haraka kuliko ingekuwa peke yake. Kwahiyo shina la bolti nililipaka grisi ya kuzuia kuganda lote, sikuacha sehemu kavu, ila nyuzi sikuzigusa, kwa sababu ukipaka nyuzi toki ile ile itabana kupita kiasi na inabidi uipunguze. Alafu nikachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kem hadi kwenye chasisi, ikisogea hata kidogo nitaona bila kufungua kitu.

Masika ya pili hii imepita. Mwezi uliopita nimelegeza nati zote nne nikazungusha kem kwa spana fupi, moja tu ndo iligoma kidogo, ile ya nyuma kwenye amu ya kulia, nikaitoa nikakuta grisi imeoshwa na mchanga umeingia, nikasafisha nikapaka upya. Mistari meupe iko palepale. Kwa yule mzee sasa hivi kuna vyuma vimesimama ukutani vimepakwa rangi kichwani, bluu ni 316, nyekundu ni ile isiyojulikana, na nyekundu haigusi kwa kazi yoyote ya gari, anachongea mishikio ya milango.